Mgonjwa wa saratani akiandikiwa tiba shufaa, maana yake nini?

Kuna maneno mawili ambayo yakitamkwa wodini familia nzima hunyong'onyea: tiba shufaa. Daktari ameyaandika kwenye faili, nesi amewaelekeza mlango wa kuingia, na kabla hamjaufikia, ndugu mmoja ameshapiga simu nyumbani kwamba hospitali imeshindwa na mgonjwa anarudishwa. Wengine huondoka palepale. Humchukua mgonjwa wao wakampeleka kwa mganga, au wakaenda hospitali nyingine kuanza upya vipimo vilevile kwa fedha ambayo hawana. Mgonjwa mwenyewe, ambaye pengine hakuwa amekata tamaa, anazisoma nyuso za watu waliomzunguka na kujiona amehukumiwa.

Uelewa huo si sahihi, na unaumiza watu. Tiba shufaa ni huduma ya kumtuliza mgonjwa maumivu na dhiki nyingine zinazoletwa na ugonjwa. Kila wiki ambayo mgonjwa anaukwepa mlango ule ni wiki ya maumivu ambayo yangeweza kutulizwa, na ni wiki nyingine ya kukesha kwa anayemuuguza bila mtu wa kumuuliza lolote.

Tuanze na saratani yenyewe. Mwili hujengwa na seli ambazo huzaliana kwa utaratibu, huzeeka na kufa. Saratani ni pale baadhi ya seli zinapoacha kufuata utaratibu huo, zikazaliana ovyo, zikapenya sehemu za jirani, na wakati mwingine zikasafiri kwa njia ya damu au limfu (majimaji mepesi yanayozunguka mwilini) hadi kwenye mapafu, ini au mifupa. Ndiyo maana madaktari huzungumzia hatua, kuanzia ya 1 hadi ya 4: wanaeleza ugonjwa umefika wapi.

Tiba inayoilenga saratani ni upasuaji, mionzi, dawa za kemikali zinazowekwa kwa dripu au kumezwa, na dawa za homoni. Hizo hushughulika na uvimbe. Tiba shufaa hushughulika na mtu mwenye uvimbe: maumivu yake, kichefuchefu, kidonda, kukosa usingizi, hofu, nauli, ndoa yake, maswali yake kwa Mungu. Hushughulika pia na ndugu anayekesha naye. Hili la ndugu si fadhila ya nesi mwenye huruma. Shirika la Afya Duniani, katika maelezo yake ya huduma hii, linamtaja mgonjwa pamoja na familia yake.

Kinachowachanganya watu ni kudhani kwamba tiba hizi mbili hupokezana, kwamba ya pili huanza pale ya kwanza inaposhindwa. Fikiria jahazi lililopata ufa katikati ya safari. Fundi ameinama na pamba na nyundo, anakalafati. Wakati huohuo mabaharia wengine wanakumba maji yaliyokwisha kuingia. Hakuna nahodha atakayesema tusubiri kwanza tuone kama fundi ameshindwa, ndipo tuanze kukumba. Kazi hizo mbili huenda pamoja, na maji yasipokumbwa hata fundi hatapata pa kusimama.

Mgonjwa aliyetulizwa maumivu hulala. Aliyedhibitiwa kutapika hula, na mwenye kula ana nguvu ya kumaliza mizunguko ya dawa aliyopangiwa badala ya kuikatiza njiani. Mwaka 2010 watafiti wa Hospitali ya Massachusetts General mjini Boston, Marekani, walitangaza matokeo ya utafiti uliohusu wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Kundi moja lilipata matibabu ya kawaida; la pili lilipata matibabu hayohayo pamoja na tiba shufaa tangu mwanzoni. Kundi la pili lilikuwa na huzuni pungufu kuliko la kwanza na maisha yenye unafuu zaidi. Waliishi pia muda mrefu zaidi: muda wa kati, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka, ulikuwa miezi 11.6, wakati kwa wenzao ulikuwa miezi 8.9. Utafiti mmoja haumalizi kila swali, lakini matokeo yake hayakubaliani hata kidogo na dhana kwamba tiba shufaa ni kuachwa ufe.

Kwa nini basi dhana hiyo ina nguvu kiasi hiki kwetu? Nadhani ni kwa sababu wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, katika hatua ya 3 au ya 4. Mtu ameanzia duka la dawa, akaenda zahanati, akapewa dawa za vidonda vya tumbo au za maambukizi kwa miezi, akajaribu na mitishamba, kisha ndipo akapata rufaa. Anapokutana na tiba shufaa ugonjwa umekwenda mbali, na akifariki, majirani hukumbuka mlango wa mwisho aliouingia. Chanzo kingine ni kwamba huduma hii ilizaliwa katika nyumba za kuwatunza wanaokaribia kufa. Cicely Saunders, daktari Mwingereza ambaye kabla ya udaktari alikuwa nesi na ofisa ustawi wa hospitali, alifungua St Christopher's Hospice mjini London mwaka 1967. Mbegu hiyo ilifika kwetu: Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990, na Hospice Africa Uganda mwaka 1993 chini ya daktari Anne Merriman. Tanzania, huduma hii inapatikana Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, na kule Arusha hospitali ya Selian imekuwa na timu zinazowafuata wagonjwa majumbani. Tangu enzi za Saunders huduma hii imesogezwa hadi mwanzo wa safari ya ugonjwa, lakini habari hiyo haijafika mitaani.

Saunders ndiye pia aliyefundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa aina hii yana pande nne: mwili, akili, mahusiano na roho. Chukua baba mwenye saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa ya mgongo. Anapewa dawa, maumivu yanapungua kidogo, usiku yanarudi. Nesi wa tiba shufaa akikaa naye anagundua kwamba usiku ndio saa anayowaza ada ya mtoto wa kidato cha tatu, na shamba ambalo hajaandika litakuwa la nani. Dawa itaongezwa, ndiyo. Lakini mpaka lile la ada na la shamba lizungumzwe, huyu mzee hatalala.

Sasa tuje kwenye mofini, dawa ya kutuliza maumivu makali, maana hapa ndipo uvumi ulipojaa kuliko mahali pengine popote.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani kwa ngazi. Maumivu madogo hupewa dawa kama panadol. Yakizidi, zinaongezwa dawa za kati kama kodeini. Yakiwa makali, ni mofini. Mofini ya kunywa ni unga uliochanganywa na maji na kihifadhi, ni chungu mdomoni, na kwa kuwa ni rahisi kutengeneza, bei yake si kubwa. Uganda iliiona thamani yake mapema: serikali inaitoa bila malipo, na tangu mwaka 2004 sheria inawaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kubwa, kwa sababu kijijini nesi yupo na daktari hayupo.

Hofu ya kwanza ni kwamba mofini ni dawa ya kumalizia. Watu wameona mgonjwa akipewa mofini leo na kufariki wiki ijayo, wakaunganisha mambo hayo mawili. Kilichomuua ni ugonjwa. Mofini ilimkuta akiwa amechelewa. Ikipimwa vizuri na kuongezwa taratibu, haiharakishi kifo. Wapo wanaoitumia kwa miezi na hata miaka huku wakienda kazini.

Hofu ya pili ni uteja. Wazazi wenye mtoto mgonjwa huiogopa sana hii, na sishangai, kwa kuwa mofini na heroini hutoka kwenye mmea mmoja na wote tumeona heroini ilivyofanya katika miji ya pwani. Lakini teja hutafuta kulewa, na mgonjwa hutafuta kusimama na kwenda msalani. Anayeitumia kwa maumivu ya saratani, kwa kipimo alichoandikiwa na akifuatiliwa, ni nadra kuingia kwenye uraibu. Mwili wake utaizoea, hilo ni kweli, na ndiyo sababu haiachwi ghafla: daktari huipunguza hatua kwa hatua ikiwa mionzi au upasuaji umeondoa chanzo cha maumivu.

Hofu ya tatu husababisha mateso mengi kimyakimya. Mgonjwa anajikaza na kusema aitunze mofini kwa siku mbaya zaidi, asije akaizoea ikakosa nguvu. Mofini haina kiwango cha juu ambacho ukikifika basi. Maumivu yakiongezeka, daktari huongeza kipimo. Tena inafanya kazi vizuri ikitangulia maumivu. Ile ya maji hunywewa kwa saa, kila baada ya saa 4, hata kama kwa wakati huo mgonjwa hasikii kitu. Hasikii kitu kwa sababu dozi iliyopita bado inafanya kazi. Ukingoja mpaka alie, utahitaji dawa nyingi zaidi kumrudisha pale alipokuwa.

Yapo mambo ya kuangalia. Siku za kwanza mgonjwa husinzia na anaweza kupata kichefuchefu. Mara nyingi hupungua baada ya siku chache, na usingizi mwingine ni deni la wiki alizokuwa halali. Choo kuwa kigumu hakupungui chenyewe, hivyo karibu kila anayetumia mofini anahitaji pia dawa ya kulainisha choo. Msipopewa, iulizieni kabla ya kuondoka dirishani. Wekeni chupa mahali watoto hawafiki, na msimgawie jirani hata kama naye analia kwa maumivu. Mgonjwa akisinzia kiasi cha kutoamshika, au akipumua kwa taabu na polepole sana, huo ni wakati wa kukimbia hospitali.

Jambo moja dogo huwashtua watu. Maumivu ya mishipa ya fahamu, yale ya kuwaka moto au kama shoti ya umeme, mara nyingi hutibiwa kwa kiasi kidogo cha dawa inayojulikana kuwa ya wagonjwa wa akili au wa sonona. Familia ikisoma karatasi ya ndani ya boksi hudhani imepewa dawa ya mtu mwingine. Haijakosewa. Na kwa maumivu ya mifupa, daktari anaweza kupanga mionzi, wakati mwingine mara moja tu, ili kutuliza. Kwa hiyo mgonjwa kupelekwa kwenye mashine hakumaanishi kwamba anatibiwa apone, wala kuwekwa chini ya tiba shufaa hakumaanishi kwamba mashine haimhusu tena. Muulizeni daktari waziwazi: matibabu haya lengo lake nini?

Uvumi mwingine niupitie kwa haraka. Saratani haiambukizwi kwa kula sahani moja, kulala kitanda kimoja au kukumbatiana. Virusi vya HPV vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi ndivyo huambukizwa, na wasichana huchanjwa ili kujikinga navyo; saratani yenyewe hairuki kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Aliyepigwa mionzi ya mashine hatoki na mionzi mwilini, anaweza kumpakata mjukuu wake siku hiyohiyo. Madai kwamba kisu husambaza saratani yana chanzo kinachoeleweka: mtu amechelewa, amefanyiwa upasuaji, madaktari wamekuta ugonjwa umeshaenea, na nyumbani ikasemwa upasuaji ndio umeueneza. Hakuna chakula kinachoponya saratani. Mitishamba mingine hugongana na dawa za kemikali, kwa hiyo mnayoitumia itajeni mbele ya daktari bila aibu.

Pesa. Watu huuliza bei ya matibabu na kusahau bei ya kuishi. Mionzi kwa kawaida hutolewa kidogo kidogo, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki kadhaa, na kila siku mgonjwa hulala kwenye mashine kwa dakika chache tu. Kwa miaka mingi Ocean Road ilikuwa hospitali pekee Tanzania yenye mionzi, kabla Bugando ya Mwanza haijaanza. Mtu wa Tunduru au wa Mpanda hata matibabu yenyewe yakigharamiwa, bado anahitaji pa kulala, chakula cha watu wawili na nauli ya daladala kila siku. Wengi hufikia kwa ndugu Mbagala au Gongo la Mboto. Wiki ya kwanza wanapokelewa vizuri, wiki ya nne nyumba imechoka, na mgonjwa anaanza kusema afadhali arudi nyumbani. Matibabu yanakatika kwa sababu ya kitanda na sahani ya wali.

Ndiyo maana nasisitiza ofisi ambayo wengi hupita bila kuiona: ustawi wa jamii. Kila hospitali kubwa ya umma inayo. Ofisa wa hapo ndiye anayetathmini nani apewe msamaha wa gharama au apunguziwe, na ndiye anayejua pa kumwelekeza mtu asiye na malazi. Msimfuate siku mmezuiwa kutoka kwa sababu ya deni. Mwendeeni wiki ya kwanza. Kabla ya kusafiri chukueni barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji inayoeleza hali ya familia, barua ya rufaa, kitambulisho, na majibu yote ya vipimo pamoja na picha, maana kurudia kipimo kilichosahaulika kabatini ni kutupa fedha. Mwenye bima aulize mapema ni dawa zipi zinalipiwa na zipi hazilipiwi. Kenya, kumbukeni NHIF, mfuko wa bima ya afya wa taifa, iliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, tangu Oktoba 2024, kwa hiyo hakikisheni usajili umekamilika kabla ya siku ya dripu. Zipo pia taasisi za hiari zilizoziba mapengo makubwa: Faraja Cancer Support Trust jijini Nairobi hutoa ushauri nasaha na taarifa kwa wagonjwa na familia zao, na Tumaini la Maisha, inayofanya kazi na hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, imejikita kwa watoto wenye saratani.

Nyumbani kazi hubadilika. Homa baada ya dawa za kemikali ni dharura. Dawa hizo hushusha kinga, na mgonjwa mwenye nyuzijoto 38 au zaidi anatakiwa kufikishwa hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Kummezesha panadol mkasubiri kupambazuke kunaweza kugharimu maisha, kwa hiyo kipimajoto cha bei ndogo ni kitu cha kwanza kununua. Kwa siku mbili hivi baada ya dripu, anayefua mashuka yenye matapishi au mkojo avae glavu, kwa sababu mabaki ya dawa hutoka kwa njia hiyo. Vidonda vya mdomoni husuuzwa kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Asiyeweza kugeuka mwenyewe ageuzwe kila baada ya saa 2 hivi, na mgongo, nyonga na visigino vikaguliwe kila siku, maana kidonda cha kulalia huanza na wekundu tu, au weusi uliokolea kwa ngozi zetu.

Harufu ya kidonda inastahili kusemwa wazi. Saratani ya titi iliyopasuka, au ya mlango wa kizazi, inaweza kutoa harufu inayomfanya mwanamke ajifungie chumbani, akatae wageni, asikae hata na watoto wake. Familia nyingi huamini hakuna la kufanya zaidi ya uvumba na madirisha. Lipo. Wauguzi wa tiba shufaa husafisha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi, kisha husaga vidonge vya metronidazo, ile tunayoiita flajili, na kunyunyizia unga wake juu ya kidonda. Harufu hutokana na bakteria, na dawa hiyo huwaua. Ni vidonge vya bei ndogo vinavyoweza kumrudisha mama sebuleni. Kaombeni kuelekezwa namna ya kufanya.

Kuhusu chakula, nawaomba wauguzaji wajihurumie. Kumlisha mgonjwa ndiyo namna yetu ya kumpenda, na anapokataa uji tuliouhangaikia tunahisi amekataa uhai. Mpeni kidogo kidogo mara nyingi, anachokitamani, kwa saa anayoitaka. Ugonjwa ukienda mbali sana mwili hupoteza hamu ya chakula wenyewe, na kumlazimisha wakati huo humletea kukabwa, kutapika na ugomvi. Kumlowanisha midomo, kumpaka mafuta, kumkanda miguu, hiyo nayo ni huduma.

Sasa suala la kusema au kutosema. Katika familia nyingi majibu hupokelewa na kaka mkubwa au shangazi, na agizo hutoka: msimwambie. Nia ni njema. Lakini mgonjwa anasoma bango la hospitali aliyolazwa, anaona wenzake wodini, anasikia sauti zikishuka akiingia. Anajua, na kwa kuwa wote mnanyamaza, anajua akiwa peke yake. Hapati nafasi ya kuuliza, kuomba msamaha, kusema watoto wakae na nani, au kuamua kama anataka mzunguko mwingine wa dawa. Nami siamini kwamba kila mtu lazima amwagiwe kila kitu kwa siku moja. Njia nzuri ni kumuuliza yeye anataka kujua kiasi gani: "Baba, daktari ameeleza majibu ya vipimo. Ungependa nikueleze yote, au tuende taratibu?" Akijibu, "Mwanangu, mweleze mama yako, mimi nieleze kuhusu dawa tu," huo ni uamuzi wake na uheshimiwe. Akisema, "Nieleze yote," basi kaeni, mshike mkono, mweleze. Wahudumu wa tiba shufaa wamefundishwa kuongoza mazungumzo haya, na mnaweza kuwaomba wawepo.

Watoto nao wanaelewa kwamba kuna jambo. Mtoto wa miaka 7 asipoelezwa hujitungia maelezo, na mara nyingi hujitia hatiani: mama anaumwa kwa sababu nilimkasirisha. Anahitaji kusikia mambo machache tu, kwamba mama anaumwa ugonjwa uitwao saratani, hakuusababisha yeye, hataambukizwa akimkumbatia, na kesho atapelekwa shule na mjomba.

Maneno ya kumpa moyo mgonjwa tuyachague. "Jikaze" humfunga mdomo. "Ungekuja mapema" humwongezea hatia asiyoweza kuifanyia lolote. Kumwambia kwamba fulani kamroga humgawanya na ndugu zake wakati anapowahitaji. Dua na maombi huwapa wagonjwa wengi nguvu kubwa, na tiba shufaa inayatambua. Wahudumu wengi watamwitia sheikh, padri au mchungaji akiomba. Ninachowasihi viongozi wa dini ni kutowaambia watu waache dawa ili kuthibitisha imani. Wapo waliokubali, na walirudi hospitali wakati nafasi ya kutibika ilishapita.

Nimemwacha anayeuguza hadi hapa, naye ndiye tunayemsahau kuliko wote. Mara nyingi ni mwanamke: binti ambaye hajaolewa, mke, mkwe, mama mdogo. Ameacha genge lake au ameomba likizo isiyo na malipo. Hulala sakafuni chini ya kitanda cha mgonjwa, anajua saa za dawa zote kwa kichwa, na ndiye anayekemewa hali ikibadilika. Ndugu walio mbali hupiga simu kuuliza "anaendeleaje?" na hawaulizi "wewe je?" Akikasirika hujilaumu. Ikimjia fikra kwamba bora yaishe apumzike, hujiona muuaji. Fikra hiyo huwajia wauguzaji wengi mno na haitokani na ubaya wa moyo. Hutokana na mwili uliokesha miezi. Dalili zinazotaka msaada ni kutolala hata pale nafasi inapopatikana, kulia bila kukoma, kuacha kula, kuanza kutegemea pombe, au kutotumia dawa zake mwenyewe za presha au sukari. Nesi wa tiba shufaa anatakiwa kuelezwa hayo, kwa sababu huyu naye ni wake.

Ndugu na majirani wanaotaka kusaidia, "ukihitaji chochote sema" ni ahadi inayomwongezea kazi ya kuomba, na wengi hawaombi. Afadhali ujumbe usemao: Jumamosi nakuja asubuhi, nenda ukalale kwako hadi jioni. Au: nimekutumia ya nauli ya kliniki ya Jumanne. Au mtu achukue nguo chafu bila kuuliza. Kundi la WhatsApp la ukoo lipangwe kwa zamu za kukesha, si kwa michango na picha za mgonjwa pekee, na picha zisipigwe bila idhini yake. Fedha ikusanywe na mtu mmoja mwenye daftari, asiwe yule anayeuguza. Ana mengi ya kubeba, asije akabeba na tuhuma.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 56.8 wanahitaji tiba shufaa, na wanaoipata ni takriban asilimia 14. Mwaka 2014 Baraza la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuzitaka nchi ziiingize huduma hii katika mifumo yao ya afya. Wahudumu bado ni wachache, kwa hiyo wakati mwingine hamtaambiwa kwamba ipo. Iulizieni wenyewe, hata kama mgonjwa yuko hatua ya 1 na anatarajiwa kupona: nani hapa anashughulikia maumivu, na namba yake ya simu ni ipi tukikwama usiku?

Ikitokea mgonjwa amefariki, mofini iliyobaki irudishwe hospitali ilikotoka, isimwagwe uani wala kuwekwa akiba. Anayeirudisha mara nyingi ni yuleyule aliyeuguza, na hastahili kukabidhi chupa dirishani na kuondoka. Aombe kuonana na nesi aliyekuwa akiwahudumia. Kuwasindikiza waliofiwa ni sehemu ya kazi ya tiba shufaa, na maswali yanayomkosesha usingizi baada ya msiba, kama ile dozi ya mwisho aliyompa ilikuwa sahihi au kama angemleta mapema ingesaidia, ana haki ya kuyauliza kwa mtu anayeweza kumjibu.